Msiniulize usonji wa mwanangu ni mkali kiasi gani

Mliokosa kuja Jumamosi mmenijazia meseji, haya hii hapa hotuba yangu yote kama nilivyoongea. Mdogo wangu alirekodi kwenye simu nami nimeiandika, sehemu chache tu nimenyoosha maneno. Picha zilizokuwa zinapita ukutani nimeziacha, mnaelewa bila hizo.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu mliokaa hapo mbele, na nyie vijana mliosimama nyuma mambo vipi.

Kabla sijaanza naomba kitu kimoja kwa fundi mitambo. Kaka yangu, hebu punguza hiyo spika ya kulia, nitapaza sauti mwenyewe. Asante, hapo hapo. Mwanangu yupo humu ndani, yule pale karibu na mlango mwenye hedifoni kubwa za bluu, amekaa na mama yake mdogo. Ana miaka 14. Haongei. Kiunoni ana kamba yenye kadi za picha, na mimi na yeye tumekubaliana akichoka ananiletea kadi ya nyumba, na akiileta mimi naondoka hata kama nipo katikati ya sentensi, kwa hiyo msinishangae.

Sasa jamani. Kuna swali naulizwa kila siku, na najua wazazi wenzangu nanyi mnaulizwa. Kwenye daladala, msibani, kliniki, kwa mama muuza genge, mtu akishasikia tu neno usonji, yaani autism kwa Kiingereza, anauliza, "Ni ule mkali au mdogo mdogo?" Mwingine anauliza, "Wa kwake umefika wapi?" kama anavyouliza sukari yako imesoma ngapi. Wala hawana nia mbaya. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilimuuliza daktari hivyo hivyo, nimempakata mtoto wa miaka mitatu, nataka niambiwe namba nijue nilie kiasi gani.

Leo nimekuja na neno moja tu na ntalirudia mpaka mlichoke. Hilo swali halina jibu. Swali la kiasi gani halina jibu. Usonji haupimwi kwa kibaba. Niulize katika nini, ntakujibu. Niulize wapi, niulize saa ngapi, niulize akiwa na nani, hayo yote nakujibu mpaka kesho. Lakini kiasi gani, hapana.

Ngoja niwaambie habari ya jino.

Mwaka juzi, mwezi wa saba. Mwanangu alikuwa anaenda vizuri, walimu wa kitengo cha elimu maalumu wanamsifu, anakula mwenyewe, analala mpaka alfajiri. Ghafla Jumatatu moja akaanza kujipiga kichwani. Anajipiga ngumi, hapa upande wa kushoto karibu na sikio, mpaka pakavimba. Akamng'ata dada yake mkononi, alama ipo mpaka leo. Usiku halali, anazunguka sebuleni anatoa sauti moja ndefu ya puani mpaka majirani wanagonga ukuta. Chakula hataki. Jumanne hivyo hivyo. Simu zikaanza, mashangazi, majirani, mpaka mtu mmoja wa afya, na kila mmoja ana maneno yale yale, "usonji wake umepanda." Umepanda! Kama maji ya mafuriko. Mwingine akasema balehe imeingia, mwingine akasema nimuangalie na mwezi, ukiwa mpevu ndo wanakuwaga hivyo. Nikapewa na dawa ya kumtuliza, nikanunua.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tangu ile Jumatatu asubuhi, mtoto alikuwa ananiletea kadi. Kadi yenyewe ina picha ya mdomo na mswaki, tuliitengeneza kwa ajili ya asubuhi. Ananiwekea mkononi. Mi namwambia tumeshapiga mswaki baba, nairudisha kwenye kamba. Analeta tena. Nampa mswaki, anautupa. Analeta tena. Alhamisi nipo jikoni nakuna nazi, akaja, akanishika kidole hiki cha shahada, akafungua mdomo wake, akakiingiza mwenyewe mpaka nyuma kabisa kwenye gego la chini kushoto, akakibonyeza pale. Machozi yakamtoka. Fizi ilikuwa ya moto kama chai, imejaa usaha.

Siku nne. Siku nne mtoto wangu anaongea na mimi, na nyumba nzima hakuna anayemsikia, tunasubiri usonji ushuke.

Daktari wa meno aliling'oa Ijumaa. Jumamosi kala wali maharage sahani mbili, akalala magharibi mpaka jua limetoka. Haya nambieni, Jumatano alikuwa na usonji mkali, Jumamosi akawa na usonji mdogo? Usonji wake ulikuwa pale pale. Jino ndo lilikuwa halipo.

Kwa hiyo wazazi, walimu, mtoto asiyeongea akibadilika ghafla anzeni na mwili. Meno. Masikio. Tumbo, yaani ana siku ngapi hajapata choo, na hilo kwa watoto wetu ni la kila siku kwa vile wengi wanachagua sana chakula. Usingizi. Na kifafa, hili naomba mliweke kichwani, watoto wenye usonji wanapata kifafa kuliko watoto wengine, na si lazima aanguke atoe povu, anaweza kuduwaa tu sekunde chache, macho yamekwama, halafu anaendelea kama hakuna kitu, nyie mnasema ni usonji. Kifafa kina dawa. Choo kigumu kina dawa. Yote yanayotibika tukiyaweka kwenye gunia moja tukaliandika usonji, mtoto anaumwa miaka.

Mtasema aa, huyo ni wako mmoja. Haya, twendeni mwanzo kabisa.

Mwaka 1943, Marekani, mji wa Baltimore, daktari anaitwa Leo Kanner anachapisha andiko kuhusu watoto 11. Wavulana 8, wasichana 3. Andiko hilo ndo lililoitambulisha hali hii kwa madaktari wengi duniani, ingawa kule Moscow mwanamama daktari Grunya Sukhareva alikuwa ameshaandika kuhusu wavulana sita wa namna hiyo tangu 1925, na watu wengi hawakumsoma. Sasa angalieni hao 11 wa Kanner. Wanane walikuja kuongea. Watatu hawakuongea. Watoto 11 tu, daktari mmoja, andiko moja, na tayari wapo wanaoongea na wasioongea. Hii habari ya kusema "wa kwako haongei basi ndo usonji wenyewe, wa kwangu anaongea basi siyo" ilikuwa imeshakufa mwaka 1943, sisi tunaifufua kila siku.

Na huyo mtoto wa kwanza kabisa kwenye orodha anaitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wampeleke kwenye taasisi wamuache huko, wakampeleka, baada ya kama mwaka mama yake akaenda kumchukua. Baadaye akakaa miaka kadhaa shambani kwa mume na mke wakulima. Sehemu hii naipenda, tulieni niwasimulie. Donald alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu na kupima, kutwa nzima anaongelea vipimo. Yule mkulima hakumwambia nyamaza. Akampa kisima achimbe halafu aje amwambie kina chake. Akaona anahesabu mistari ya mahindi, anarudia anahesabu, akampa jembe la farasi, haya hesabu huku unalima. Mtoto akalima. Mkulima yule hakuwa na shahada ya kitu chochote cha akili za watu, lakini aliuliza katika nini. Huyu mtoto anataka nini, yupo vizuri katika nini, nimuwekee kazi pale pale.

Donald akamaliza chuo 1958, akafanya kazi benki, benki ya familia yao kwa kweli, hilo lazima tuliseme, na mji mzima ulikuwa unamjua na kumlinda. Akaendesha gari, akacheza gofu, akazunguka nchi kibao peke yake. Amefariki 2023 ana miaka 89. Sasa Kanner mwaka 1971 aliwatafuta tena wale watoto wake 11 wako wapi. Kuna waliokuwa wameingizwa kwenye hospitali kubwa za akili wakiwa wadogo, wakakaa huko maisha, na hata vile walivyokuwa navyo walivipoteza. Watoto wa andiko moja! Mmoja uwanja wa gofu, mwingine kitanda cha wodi. Utaniambia tofauti yote hiyo ilikuwa ndani ya vichwa vyao? Mimi siamini. Nyingine ilikuwa kwenye nani alimpokea.

Halafu kuna mama mmoja Uingereza, Lorna Wing, daktari wa akili, na binti yake mwenyewe alikuwa na usonji, yaani mzazi mwenzetu. Yeye na Judith Gould walizunguka mtaa wa Camberwell, kusini mwa London, wakawatazama watoto wote wenye mahitaji maalumu, si wale tu waliofanana na wa Kanner, na mwaka 1979 wakachapisha walichokiona. Ndo huku linakotoka hili neno spektra, kwetu tunasema wigo. Waliona watoto wa namna tatu katika kuhusiana na watu. Yupo anayejitenga, ukimfuata anakimbia. Yupo asiyekukimbia, ukimshika mkono anakuja, ukimuacha anabaki pale ulipomuacha. Na yupo anayekufuata yeye, anakuganda, anakuuliza gari lako ni aina gani mara ishirini, anamkumbatia konda. Sasa nawauliza nyie, wangapi humu mmeambiwa mwanenu hana usonji kwa sababu anapenda watu? Inueni mikono. Mmeona? Angalieni nyuma muone. Hiyo mikono yote ingeweza kusaidiwa miaka ya nyuma.

Nimefika kwa mtoto wa kaka yangu. Yeye ana miaka 22, yupo chuo, na amenipa ruhusa nimseme, tena amesoma haya maneno kabla sijaja hapa akanifutia mawili.

Huyu aliongea mapema. Alisoma mapema. Kidato cha nne ana A ya kemia na A ya hesabu. Ukikutana naye atakusalimia vizuri kuliko binti yako. Sasa nikwambieni ile salamu inatoka wapi. Ana daftari. Daftari la kawaida la mistari, jalada limechakaa, ameanza kuliandika akiwa darasa la tano, na mle ndani kuna salamu. Kuna ukurasa mmoja nimeunakili. "Mama mkubwa: shikamoo. Atasema marahaba hujambo, sema sijambo. Atasema za shule, sema nzuri. Atasema mama hajambo, sema hajambo. Usiseme mama anaumwa mgongo mpaka aulize mara ya pili." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Wakicheka, hesabu mpaka mbili, cheka."

Hesabu mpaka mbili, cheka. Mtoto wa miaka 11.

Wenzake salamu wameinyonya na maziwa. Yeye ameisoma kama mtu anavyosoma sheria za barabarani, kila nyumba na kila rika na sheria zake, na sisi Waswahili kwa salamu mnatujua, mtu anaweza kuulizwa hali ya watu tisa kabla hajaambiwa karibu ukae. Alikuwa anarudi shule anaingia uvunguni mwa kitanda, anajifunika kanga gubigubi, saa mbili, saa tatu, hataki kuitwa. Mama yake akasema ana majivuno. Bibi akasema atolewe mashetani. Akaenda bweni kidato cha tano, wasichana arobaini bweni moja, taa, marashi, ndoo zinagongana saa kumi alfajiri, kengele, na hakuna uvungu wa kujificha. Mwezi wa tatu akaacha kuongea. Wiki nzima hakutoa neno, yule yule mwenye A zake. Aliniambia baadaye kuna usiku kule alikuwa anatamani asiamke.

Amekuja kujulikana ana usonji akiwa na miaka 19. Na mnajua watu wanamwambia nini? "Aa, wewe ni ule mdogo." Mdogo! Msichana amebeba salamu za ukoo mzima kwenye daftari, amebeba bweni zima kwenye masikio, tunamwambia mzigo wake mdogo kwa vile hatukumuona akitoka jasho.

Wasichana wengi wanapita hivi hivi. Wanaangalia wenzao, wanaiga, wanajificha nyuma ya tabia njema, na kwetu msichana mkimya asiyeinua macho ni msichana mwenye adabu, nani atampeleka hospitali? Na hili la macho walimu mlisikie. Maswali mengi ya kupimia usonji yametungwa Ulaya na Marekani, yanauliza je mtoto anakutazama machoni. Kwetu mtoto akimkazia mkubwa macho anachapwa. Ndo maana watafiti kama wale wa Kilifi, Kenya, wamefanya kazi kubwa ya kuyaleta maswali haya kwenye Kiswahili na kwenye maisha yetu, kwa sababu ukitafsiri maneno tu ukaacha maisha unapata majibu ya uongo.

Haya, sasa niwaulize. Mwanangu na binamu yake, nani ana usonji mkali? Semeni. Mama pale amesema wa kwangu. Ni kweli mwanangu hawezi kuvuka barabara peke yake. Lakini mwanangu msibani anakaa vizuri kabisa, anakaa chini ya mwembe anabembea mbele nyuma mpaka watu watawanyike, hana hofu ya nani kamuonaje. Binamu yake baada ya msiba analala siku mbili na kichwa.

Tazameni ile mashine ya fundi mitambo, ile yenye vitufe vya kusukuma juu na chini vimejipanga. Kimoja besi, kimoja sauti ya mwimbaji, kimoja mwangwi. Hakuna kitufe kimoja kinachoitwa muziki. Kuongea kina kitufe chake. Kelele kina chake. Kubadilishiwa ratiba kina chake, kujihudumia chake, kusoma watu wanawaza nini chake, mwili kutaka kutembea tembea chake. Na vinasogea, asubuhi hivi jioni vile, amelala vizuri hivi, ana njaa vile.

Na hata kitufe kimoja hicho hicho kina mambo. Chukueni masikio. Mwanangu blenda ya jirani ikiwashwa anaziba masikio analia kama amechomwa, ila mvua ikipiga bati, yaani mvua ile ya masika ambayo mimi na wewe hatusikilizani, anatoka anakaa barazani anatabasamu. Sauti kubwa siyo tatizo lake! Tatizo ni sauti inayoanza ghafla asiyojua itakoma lini. Ilinichukua miaka sita kulijua hilo. Siku hizi jirani, Mungu ambariki, anagonga ukuta mara tatu kabla hajawasha, mtoto anavaa hedifoni, basi, yamekwisha. Kuna mwenzetu mmoja humu mtoto wake alishika sufuria ya moto hakulia, mama aliona malengelenge jioni wakati anamuogesha. Huyu masikio, yule ngozi, mmoja imezidi mwingine imepungua, na wote kwenye faili wameandikiwa neno moja. Na mambo haya ya hisia yameingizwa rasmi kwenye kitabu cha vigezo cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu, mwaka huo huo walipounganisha majina yote waliyokuwa wanagawia usonji, Asperger na mengine, yakawa jina moja. Pia wakaweka ngazi tatu, na watu ngazi hizo wanazisoma vibaya sana. Ngazi pale inasema mtu anahitaji msaada kiasi gani, haisemi mtu ni mgonjwa kiasi gani, na msaada ukiwepo hitaji linaonekana dogo. Mimi na jirani yangu tumemshusha mwanangu ngazi kwa kugonga ukuta mara tatu.

Kuhusu chanzo sitakaa sana, mana nikianza hatutoki. Siyo mama. Kulikuwa na madaktari waliosema akina mama wenye moyo baridi ndo wanasababisha, mpaka Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, akaandika kitabu 1964 akawavunja hoja moja moja. Siyo chanjo. Aliyesema chanjo, 1998, alitumia watoto 12, na jarida lililochapisha likaifuta kazi hiyo 2010. Denmark wakaja kuangalia watoto zaidi ya laki sita na nusu, wakatoa majibu 2019, waliochanjwa dhidi ya surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Pelekeni watoto wakachanjwe, surua inaua. Na siyo mtu amekutupia kitu. Sehemu kubwa ni urithi, ila urithi wenyewe hauko kwenye jeni moja, ni mamia ya jeni, kila familia na mchanganyiko wake. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliangalia pacha jozi 21. Wanaofanana kabisa jozi 11, katika hizo jozi 4 pacha wote wawili walikuwa na usonji. Wasiofanana jozi 10, hakuna hata moja. Hapo ndo dunia ikaanza kuelewa ni damu. Na pacha wanaofanana kabisa nao mmoja anaweza kuongea mwenzake asiongee, hata damu ile ile haitoi mtoto yule yule.

Sasa kuna mzazi hapa najua ameninunia. Namuona. Anajiambia, huyu mama anasema hakuna mkali hakuna mdogo, kwa hiyo mwanangu wa miaka 25 ninayembadilisha nepi ni sawa na huyo wa chuo?

Hapana dada yangu. Hapana kabisa, na nisingependa uondoke na hilo. Mwanangu na mimi ndo huko huko tuliko. Mimi nikifa leo, yule pale hawezi kujipikia. Kuna watu watahitaji mtu saa 24 maisha yao yote, na mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilipendekeza hao wawe na jina lao, kwa Kiingereza "profound autism", wajulikane, kwa sababu utafiti umewasahau, kamera zimewasahau, siku ya usonji duniani, tarehe 2 Aprili kila mwaka, anayepandishwa jukwaani ni yule anayeongea vizuri. Wapo wanaolipinga jina hilo na sababu zao nazisikia. Mimi nakubali jina lolote litakalomletea mwanangu mhudumu. Nachokataa ni lile jina litumike kumfungia mlango, aambiwe huyu mkali hafundishiki, na upande wa pili binamu yake aambiwe wewe mdogo huhitaji kitu. Mnaona linavyokata pande zote mbili? Neno lile lile. Mmoja linamnyima shule, mwingine linamnyima msaada.

Na tuache pia kumtafutia kila mtoto kipaji cha maajabu. Watu wananiuliza, "yeye anajua nini, hesabu au piano?" Mwanangu anajua kuanika nguo. Anazipanga kwa rangi, vibanio viwili viwili, hakuna nguo yangu iliyowahi kudondoka mchangani. Kujifunza hivyo imetuchukua mwaka mzima, kwanza kibanio kimoja, halafu soksi, halafu shati, na sitaki mtu anipunguzie furaha yangu kwa kuniuliza piano iko wapi.

Walimu, namalizia kwenu. Mkipokea mtoto wa usonji Januari, msichukue faili mkasoma ngazi mkafunga. Muulizeni mama. Akikasirika mwili wake unaanzaje, miguu au mikono? Chakula gani hawezi hata kukinusa? Anaombaje maji? Choo cha shule kina mlango unaopiga kelele? Mtoto mmoja pale kitengoni kwetu alikuwa anajikojolea kila siku mwaka mzima, wakasema hajafikia kujihudumia, kumbe bawaba ya mlango wa choo inalia kwiii, akaja mlinzi akatia mafuta ya kupikia, mtoto akaanza kwenda mwenyewe. Na swali lingine muhimu kuliko yote ambalo nataka mliandike kwa kalamu ni

Sawa baba. Nimeiona. Nyumba.

Lete mkono.